Jibu la msomaji: Msimsahau anayesimama chini

Wiki hii mmeuliza kama katuni za zamani tulizozipenda zirudishwe kwa vipande vifupi vya kisasa au ziachwe zilipo, mkatoa mfano wa Patlabor Reboot, filamu fupi ya 2016 iliyoongozwa na Yasuhiro Yoshiura katika Studio Khara. Mfano huo umenigusa penyewe. Mimi ni opereta wa ekskaveta Dar es Salaam, na Patlabor ndiyo katuni ya roboti, ya Kijapani, iliyonionyesha kazi yangu.

Roboti zake zinaitwa Labor, na Labor ni mtambo wa ujenzi wenye mwendeshaji ndani, tofauti na roboti za vita. Kwenye hadithi, bahari inapanda, Tokyo inajenga ukuta na kujaza ghuba yake, na kazi hiyo inaleta Labor kwa wingi. Zikishazagaa mjini, walevi na wahalifu nao wanazipanda, ndipo polisi wanapewa za kwao, Ingram. Kundi la watunzi la Headgear, akiwemo mwongozaji Mamoru Oshii, lilipoitoa mwaka 1988 liliiweka miaka kumi tu mbele, 1998. Muda mwingi tunawaona askari wakisubiri simu kwenye karakana iliyo juu ya ardhi iliyojazwa, mbali na kila kitu, na Noa Izumi, askari anayeendesha Ingram mojawapo, akiumia moyo kila Ingram yake inapochubuka rangi.

Sasa dakika zisizofika kumi zitabeba nini katika hayo? Nilipokaa kuandika, jibu langu lilikuwa hapana, waiache.

Masika ya mwaka fulani mvua ilijaza shimo la msingi, tukakaa kwenye kontena kusubiri pampu. Nikafungua laptop nikaweka filamu ya kwanza ya Patlabor, ya 1989. Nilikuwa na mzee ambaye kazi yake ni kusimama chini na kuniongoza kwa ishara ninapochimba. Roboti hazikumhusu, alikuwa anamenya karanga, na Labor zilipovunja majengo hakuinua uso. Kisha ikaja ile sehemu ya mpelelezi Matsui. Anafuata nyayo za Hoba, aliyeandika programu ya HOS inayoendesha Labor, mtu tunayemwona mwanzoni mwa filamu akijirusha hadi kufa. Hoba alikuwa mtu wa kuhamahama, na kila alikopanga ni mtaa uliochakaa unaosubiri kubomolewa. Matsui anatembea juani na mwenzake, jasho linamtoka. Wanapita mifereji ya maji mazito, nyumba za mbao zilizokaa upande, vyumba vitupu, na kwa mbali juu ya mapaa yanaonekana maghorofa mapya. Kwa muda mrefu hakuna anayesema neno. Unasikia muziki wa Kenji Kawai tu.

Mzee aliacha karanga. "Wanamtafutia nini, mwanangu, na mtu keshakufa?" Nikamwambia wanatafuta alichokuwa anakiona. Akanyamaza mpaka sehemu ile ikaisha, kisha akaniomba nirudishe nyuma. Tukaitazama tena, na baada ya hapo filamu haikuendelea, maana alianza kuhadithia. Alizaliwa Kariakoo, kwenye nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi katikati na uani nyuma. Siku ya kuibomoa alikwenda kutazama. Alitegemea kazi ya siku nzima, lakini kabla ya adhuhuri baraza, vyumba na uani vilikuwa lundo moja, na majirani walikuwa wanachagua mbao nzima. Alimtafuta aliyesimama chini kuongoza mtambo, akakuta hayupo. "Opereta simlaumu," aliniambia. "Yeye alikuwa anaangalia kijiko chake."

Mimi huwa naangalia kijiko changu. Tangu siku ile, kabla sijainua mkono wa mtambo, namtafuta kwanza mzee kwa macho, hata pale ninapojua nyuma yangu hakuna mtu.

Kwa hiyo swali ninaloweza kujibu ni hili: kinachorudishwa ni mtambo peke yake, au pamoja na anayeuona kutoka chini? Patlabor ya zamani ilimjua mtu huyo. Noa yumo ndani ya Ingram, mwenzake Asuma Shinohara yuko barabarani akimwelekeza kwa redio, kwa sababu aliye ndani haoni kila kitu. Jana nimeitazama tena ile ya 2016 nikiwa tayari kuikosoa, na hasira imepungua. Sura za watu ni mpya, Ingram imechorwa kwa kompyuta, lakini uzito wake unauamini. Tena wamelipeleka pambano mtaani, kati ya nyumba za watu, mahali ambapo kila hatua ya mtambo ni hatari kwa mtu fulani. Waliotengeneza wanaijua kazi. Na Kawai yumo tena kwenye muziki.

Basi nasema zirudishwe, ingawa nilianza kwa kukataa. Ila kipande kifupi kihesabiwe kuwa kionjo, kisihesabiwe kuwa Patlabor yenyewe, kwa sababu kutembea kwa Matsui hakuwezi kukaa ndani ya dakika nane. Watakaoendelea na kazi hii wasizimalize sekunde zote kwenye ngumi. Wampe mpelelezi muda wa kutembea, hata kama watoto watalalamika kwamba Ingram imechelewa kutoka. Wangu wawili watalalamika, nawajua, na bado nitawawekea.