Maswali ya Wasomaji: Wapi pa Kupigia Picha katika Mji Mdogo wa Pwani?

Swali: Ndugu Mhariri, naishi katika mji mdogo ulio kando ya bahari, na kwa muda sasa nimekuwa nikijifunza kupiga picha. Tatizo langu ni kwamba kila nikitoka na kamera najikuta palepale, kwenye ukuta wa ufukweni ambako kila mtu hupiga picha ya jua likizama. Mji wenyewe unazungukika kwa miguu kwa asubuhi moja tu. Je, yapo maeneo mengine ya kutafuta, au nikubali kwamba mji wangu nimeumaliza?

Jibu: Mji hujaumaliza, ndugu msomaji, ulichokimaliza ni ukuta. Anayesimama ukingoni na kuelekeza lenzi majini huwa ameuacha mji mzima mgongoni kwake, na mbele yake hubaki maji, anga na mstari wa upeo wa macho, ambavyo havitofautiani sana kati ya pwani moja na nyingine. Kinachoupa mji wa pwani sura yake ni namna majengo yanavyokutana na maji, na ili uione sura hiyo huna budi kuutazama mji kutoka nje yake. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuvuka. Nenda upande wa pili wa ghuba, au kwenye ncha ya rasi, au mwisho wa gati linaloingia mbali majini. Ikiwa kipo kivuko, panda ukakae nyuma kinapoondoka, kwa kuwa hapo mji wote hujipanga taratibu mbele yako na majengo hubadilishana nafasi bila wewe kuinua mguu.

Kabla ya kutoka, fungua ramani na ufuatilie kwa kidole mstari wa maji badala ya barabara kuu. Kila mahali ambapo mstari huo unapinda, pana uwezekano wa kuuona mji kwa ubavuni, na kila mtaa unaoteremka moja kwa moja hadi majini ni fremu iliyo tayari. Mitaa ya aina hii mimi naipenda kuliko machweo yoyote. Usiteremke hadi mwisho wake. Rudi nyuma mita 100 au 200, utumie lenzi ndefu, ile inayovuta vilivyo mbali, nawe utaona mlingoti wa mashua iliyo mbali ukisimama katikati ya kuta mbili kana kwamba mashua imeegeshwa mtaani. Kinachofanya kazi hiyo hasa ni umbali, wala si lenzi: kadiri unavyorudi nyuma, ndivyo tofauti ya ukubwa kati ya kilicho karibu na kilicho mbali inavyopungua. Kilima au paa lililo wazi kwa umma nalo hufaa, ingawa picha za kutoka juu huchosha mapema kuliko watu wanavyodhani.

Usisahau vilevile kushuka. Maji yakipwa, teremka chini ya gati, ukiangalia mawe yenye utelezi, uzitazame nguzo: juu zimekauka na kupauka, katikati zimefunikwa na vijikombe vya chaza wadogo wanaokwaruza mkono, na chini kabisa kuna mwani wa kijani ambao bado unadondosha maji. Ukishusha kamera hadi karibu iguse dimbwi lililobaki kwenye mchanga, dimbwi la upana wa sinia litabeba gati zima kichwa chini. Bandari na vituo vya wanamaji mara nyingi vina masharti juu ya upigaji picha, kwa hiyo omba ruhusa kwanza. Na anayeshona wavu yuko kazini, basi msalimie kabla ya kuinua kamera.

Zaidi ya yote, mahali pamoja si mahali pamoja saa zote. Mji unaotazama mashariki hupigwa na jua usoni asubuhi, lakini alasiri nyuso za majengo yake huwa kivulini huku anga nyuma yake ikiwaka, na kamera hulazimika kuchagua kimoja. Jua halichomozi mahali pamoja mwaka mzima pia: karibu na tarehe 21 Machi na 23 Septemba huchomoza mashariki hasa, ilhali mwezi Juni husogea kaskazini na mwezi Desemba kusini, kwa zaidi ya digrii 23 hata kwenye Ikweta. Mtaa unaojaa mwanga wa machweo mwezi Machi unaweza kuwa kivulini kabisa saa ileile mwezi Juni. Na wenzako wanapoondoka ukutani mara tu jua linapozama, wewe baki. Jua likifika digrii 4 hadi 8 chini ya upeo, anga huwa ya buluu nzito na mng'ao wake hulingana na wa taa za mji. Karibu na Ikweta kipindi hiki huanza kama robo saa baada ya machweo na hudumu kwa takriban dakika 15, hivyo uwe umekwisha kuisimamisha kamera mahali pasipotikisika.

Swali: Niliona picha ya ghuba ndogo ya mji wetu, maji yametulia kama kioo na nyumba zikijiakisi. Wiki moja baadaye nikaenda saa ileile, saa moja asubuhi, nikakuta matope matupu. Je, mpiga picha yule aliihariri picha yake?

Jibu: Si lazima. Wewe ulikwenda kwa saa ya ukutani, na bahari ina saa yake. Katika pwani nyingi, kutoka maji kujaa hadi kujaa tena hupita takriban saa 12 na dakika 25, hivyo kila siku mpya maji huchelewa kwa karibu dakika 50. Zidisha kwa siku saba, utapata karibu saa sita, na hiyo ndiyo tofauti kati ya maji kujaa na kupwa. Ungesubiri wiki mbili, ungeikuta hali inayokaribiana na ile ya kwenye picha. Wakati wa bamvua, yaani karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana. Wakati wa maji mafu, yaani karibu na mwezi nusu, mabadiliko huwa madogo. Jedwali la kujaa na kupwa kwa maji litakufaa kuliko lenzi mpya.

Utulivu, hata hivyo, unategemea upepo. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, na upepo huvuma kutoka baharini na kuyavuruga. Alfajiri upepo huo huwa bado haujaanza. Kwenye ziwa hakuna kupwa na kujaa kwa kuonekana, lakini kanuni ya upepo ni ileile.

Swali: Nifanyeje ili mwezi uonekane mkubwa nyuma ya mnara wa mji wetu?

Jibu: Rudi nyuma. Mwezi huchukua karibu nusu digrii angani popote usimamapo, ila mnara hupungua kadiri unavyouacha. Ukiwa umbali wa kilomita 1, kitu chenye upana wa mita 9 hulingana na mwezi. Ukiwa mita 100, mwezi hauzidi upana wa mlango. Ndiyo maana ng'ambo ya maji ndipo mahali pazuri, kwa kuwa hakuna kinachokuziba. Mwezi mpevu huchomoza karibu na wakati wa machweo, lakini mimi ningechagua siku iliyotangulia: mwezi huwa umechomoza mapema, majengo bado yana mwanga wa jua, na mwezi hautokei pichani kama doa jeupe juu ya mji uliokwisha kumezwa na giza.