Ua na Bei Yake Chini

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nimeziona picha za tulipu zilizochorwa Uholanzi karne ya 17. Ukurasa mmoja una ua moja, bila chungu wala udongo, na chini yake pameandikwa jina na tarakimu. Je, wachoraji hao walikuwa wanasayansi? — Mpenda Maua

JIBU: Marahaba. Wanasayansi walikuwepo, ila si hao. Anayestahili sifa hiyo ni Carolus Clusius, mtaalamu wa mimea aliyefika Leiden, Uholanzi, mwaka 1593 kusimamia bustani ya chuo kikuu. Picha zako ni za sokoni, na tarakimu zile ni uzito na bei.

Kitabu cha P. Cos, muuza maua wa Haarlem, ni cha mwaka 1637. Humo tulipu iitwayo Viceroy, nyeupe yenye michirizi ya zambarau, imewekewa bei kati ya gilda (fedha ya Uholanzi ya siku hizo) 3,000 na 4,200, kutegemea uzito wa tunguu lake, yaani ile sehemu nene inayofukiwa ardhini ili mmea uote. Fundi stadi wa siku hizo alipata kama gilda 300 kwa mwaka mzima! Uzito wenyewe ulipimwa kwa aas, kipimo kisichofika sehemu ya 20 ya gramu.

Sasa, matunguu ya tulipu yanafanana. La thamani na la bei ya kutupa, yote ukiyashika ni kama kitunguu cha jikoni. Isitoshe, hupandwa vuli, na biashara ilipamba moto wakati wa baridi, mali ikiwa bado ardhini. Mnunuzi hakuwa na cha kukagua hadi machipuko. Alichoonyeshwa ni picha, na mwenye kuionyesha alikuwa dalali. Kwa hiyo mimi siuamini kila mchirizi ninaouona humo.

Hata hivyo, mkono wa mchoraji ni wa kuheshimiwa. Jacob Marrel aliziweka tulipu mbili pamoja na kombe la baharini, kipepeo na kereng'ende, kila kimoja kikiwa na nafasi yake kwenye karatasi. Tazama wekundu unavyopanda petali, ukichanika kuwa nyuzi nyembamba karibu na ukingo. Wekundu huo unaokatikakatika ni ugonjwa. Kuna kirusi kinachosambazwa na wadudu waitwao vidukari, huvuruga rangi ya petali na kuacha weupe au unjano wa chini uonekane. Kwamba michirizi hiyo hutokana na maambukizi, lilithibitishwa na mwanasayansi Dorothy Cayley mwaka 1928. Tunguu lililoambukizwa hudhoofika na huzaa vichipukizi vichache, basi bei ikazidi kupaa. Tulipu iitwayo Semper Augustus, iliyokuwa ghali kuliko zote, imetoweka. Tunaijua kwa picha tu.

Ukitaka pa kuanzia, tafuta tulipu ya Judith Leyster ya mwaka 1643, mchoraji ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kuchora watu. Angalia huo mwaka: soko lilikuwa limeanguka tangu Februari 1637, dalali hana tena cha kunadi kwa bei zile, na bado kuna aliyetaka ua lake lichorwe.