Jibu: Mashine inakata uzi kila herufi

Ndugu, umeuliza kwa nini mashine ya kudarizi inakata uzi na kuruka hadi herufi inayofuata kila inapomaliza herufi, ilhali rangi ni moja. Kwenye programu ya kompyuta unayochorea mchoro wa kudarizi, angalia pointi za kuanzia na kumalizia za kila herufi: huenda herufi moja inaishia juu kushoto na inayofuata inaanzia chini kulia.

Vuta pointi ya kumalizia ya herufi ya kwanza hadi inapokaribiana na ya pili, kisha sogeza pointi ya kuanzia ya hiyo ya pili ikae papo hapo. Njia ya uzi kati ya pointi hizo ikilazimika kupita ndani ya umbo la herufi, ichore kwa mshono wa mstari mmoja, urefu wa milimita 2 hadi 2.5, katikati ya safu ya satini (mishono iliyobanana inayokwenda na kurudi kutoka ukingo hadi ukingo wa herufi), na ishonwe kabla ya satini. Usiipitishe ukingoni! Satini hujivuta na kuwa nyembamba kidogo kuliko ulivyoichora, na mstari utachungulia pembeni. Hapo hakuna dawa ila kufumua.

Pale ambapo kukata hakuepukiki, weka mishono midogo ya kufunga kabla na baada, la sivyo uzi utafumuka. Kwa kofia, anzia herufi za katikati ukielekea pembeni, kitambaa kisijikunje.