Hali ya hewa ya dunia ilibadilika zamani ndiyo, ila si kwa kasi hii

Wapo wanaosema ongezeko la joto la sasa ni la kawaida kwa kuwa hali ya hewa ilibadilika hata zamani. Ni kweli dunia ilishapata joto na baridi mara nyingi kabla yetu, lakini hiyo haifanyi joto hili la sasa liwe la kawaida. Enzi ya barafu ya mwisho ilipoisha joto lilipanda nyuzi kama 5 hivi na ikachukua maelfu ya miaka, sisi tumeshapandisha zaidi ya nyuzi 1 ndani ya miaka 150 tu. Tunajua kwa sababu watafiti wa EPICA, mradi wa Ulaya wa kuchunguza barafu ya kale, walichimba barafu kule Antaktika wakakuta viputo vya hewa ya zamani, miaka 800,000 nyuma, na muda wote huo kaboni dayoksaidi, gesi inayonasa joto, ilikuwa haivuki sehemu 300 hivi kwa kila milioni ya hewa, leo iko juu ya 420. Jamani hiyo si tofauti ndogo!

Mimi kinachoniogopesha ni bahari. Miaka kama 125,000 iliyopita joto lilizidi la kabla ya viwanda kwa nyuzi 1 tu hivi, na maji yalikuwa juu kuliko leo kwa mita 6 au zaidi, hata jiwe la matumbawe ambalo Mombasa imekalia liliota chini ya bahari ya zamani. Ila tuseme ukweli, joto la wakati ule lilitokana na mabadiliko ya jinsi dunia inavyolizunguka jua, si moshi, na maji hupanda taratibu kwa karne nyingi, kwa hiyo mita 6 si za kesho.