Jibu: Jasho na harufu tangu nianze sindano za testosteroni

Kaka, hiyo harufu kali ya kwapa uliyoiuliza si uchafu. Testosteroni, yaani homoni ya kiume, inaamsha tezi za jasho za kwapani na kinenani, kama kwa vijana wakibalehe. Jasho lenyewe halinuki. Bakteria wa kwenye ngozi ndio wanaolichachusha. Basi shughulika na bakteria. Kumwaga manukato juu ya jasho ni kuzidisha balaa.

Mimi kilichonisaidia ni sabuni ya benzoili peroksaidi, ile ya chunusi: paka kwapani, iache dakika mbili tatu, suuza vizuri. Inachujua rangi ya taulo na fulana, kwa hiyo tumia nyeupe. Dawa ya kuzuia jasho yenye alumini ipake usiku kwapa likiwa kavu kabisa, siyo asubuhi ukikimbilia daladala na jasho limeshaanza. Nyoa. Shabu ya sokoni nayo inafaa, na ni bei rahisi.

Jasho likizidi siku chache baada ya kila sindano, mwambie daktari. Anaweza kuigawa dozi iwe ndogondogo za karibukaribu. Usijipunguzie mwenyewe. Ila ukiloa usiku huku una homa, kikohozi au unakonda, kapime TB, usiisingizie homoni.