Ukoo wa Ireland: tafuta kitongoji kwanza, jina baadaye

Ukiandika "Mary Murphy, Cork" kwenye tovuti ya mababu, utamwagiwa akina Mary Murphy hadi uchoke. Majina ya Ireland ni machache, watu walikuwa wengi. Kinachomtenga Mary mmoja na mwingine ni kitongoji alikotoka, yaani "townland", kipande kidogo cha ardhi chenye jina lake. Kisiwa kizima kina vitongoji zaidi ya 60,000, na rekodi nyingi za zamani zimepangwa kwa kufuata vitongoji hivyo. Kwa hiyo usikimbilie rejista za Ireland. Kwanza kamua nyaraka za kule mababu walikohamia: rejista za ndoa za kanisani, matangazo ya vifo magazetini, jiwe la kaburi la Boston au Liverpool. Karatasi za serikali ya Marekani mara nyingi husema "Ireland" tu, basi. Padri aliyewafungisha ndoa huenda aliandika parokia. Watafute pia ndugu wa babu, si babu peke yake. Shangazi aliyekufa bila mtoto anaweza kuwa ndiye mwenye kaburi lililoandikwa kitongoji.

Usitegemee sensa. Tarehe 30 Juni 1922, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, jengo la kumbukumbu za serikali pale Four Courts, Dublin, liliteketea pamoja na karibu sensa zote za 1821 hadi 1851, wosia, na rejista nyingi za Kanisa la Anglikana la Ireland zilizokuwa zimepelekwa huko zitunzwe. Sensa za 1861 hadi 1891 hazikuungua: serikali yenyewe ilikuwa imeshaziharibu. Kati ya sensa za kabla ya moto huo, zilizobaki kamili ni za 1901 na 1911, na zinasomwa bure mtandaoni. Rejista za Wakatoliki zilinusurika kwa sababu zilikuwa parokiani, kwa padri.

Usajili wa serikali wa vizazi, vifo na ndoa zote ulianza Januari 1864. Ndoa za wasio Wakatoliki zilianza kuandikwa 1845. Picha za kurasa zenyewe ziko bure kwenye irishgenealogy.ie: vizazi vya zaidi ya miaka 100, ndoa za zaidi ya 75, vifo vya zaidi ya 50. Cheti cha kuzaliwa hukupa kitongoji na ukoo wa mama kabla hajaolewa. Ukikuta mtoto amebatizwa kabla ya "kuzaliwa", usishangae. Wazazi waliochelewa kusajili walisogeza tarehe mbele ili wakwepe faini. Amini ubatizo.

Kabla ya 1864 ndipo kazi inapoanza. Kama kitongoji hakijulikani, chukua majina mawili ya ukoo, la mume na la mke, uyapeleke kwenye Griffith's Valuation, daftari la uthamini wa ardhi na nyumba la 1847 hadi 1864. Humo hutajwa aliyeshika nyumba au shamba tu, si familia yake, lakini parokia ambamo koo zote mbili zimerundikana ndiyo ya kuanzia. Angalia mtego: parokia ya daftari hilo ni ya kiserikali, na ya Kikatoliki inaweza kuwa na jina jingine na mipaka mingine. Linganisha ramani mbili kabla ya kusema "hawamo".

Rejista za Kikatoliki hadi mwaka 1880 hivi zimewekwa bure na Maktaba ya Taifa kwenye registers.nli.ie, picha tupu bila faharasa. Mijini zingine zinaanza karne ya 18. Magharibi, nyingi zinaanza baada ya 1820, na hapo njia hukatika. Faharasa za tovuti za kulipia husaidia, ila zimejaa makosa ya kusoma mwandiko, kwa hiyo fungua ukurasa wenyewe. Utakuta mstari wa Kilatini kama huu:

Bapt. Brigidam f. l. Jacobi Kelly et Honorae Walsh, sp. Patritius Burke et Maria Kelly.

Yaani amebatizwa Bridget, mtoto wa ndoa halali wa James Kelly na Nora Walsh, wasimamizi wa ubatizo Patrick Burke na Mary Kelly. Jacobus ni James, si Jacob, na wengi hupotelea hapo. Gulielmus ni William. Nyumbani Bridget aliitwa Biddy au Delia. O' na Mc mwanzoni mwa jina la ukoo huja na kuondoka ndani ya familia moja. Wasimamizi waandike wote: kwa kawaida ni kaka, dada au shemeji, na ndio watakaokuonyesha James Kelly yupi ni wako. Ndoa itafute parokia ya bibi harusi, na ubatizo wa mtoto wa kwanza vilevile.

Majina ya watoto nayo ni ushahidi, ingawa si sheria. Mkikuyu hapa atajisikia nyumbani: mvulana wa kwanza huitwa babu mzaa baba, wa pili babu mzaa mama. Tofauti ni kwamba msichana wa kwanza wa Ireland alipewa jina la bibi mzaa mama.

Umri usiuamini. Pensheni ya wazee wa miaka 70 ilianza kulipwa 1909, na wengi walizeeka zaidi ya miaka kumi kati ya sensa ya 1901 na ya 1911.

Makaburini, tafuta magofu ya kanisa la kale. Wakatoliki waliendelea kuzikana hapo hata baada ya kanisa kuingia mikononi mwa Waanglikana. Maskini hawakuwekewa jiwe. Kwenye jiwe, jina la kwanza mara nyingi ni la aliyelisimamisha, si la marehemu, na kitongoji hufuata jina hilo. Maandishi mengi hutazama mashariki, kwa hiyo nenda karibu na saa sita mchana, jua linapopita ubavuni mwa jiwe na herufi kutoa kivuli. Siku ya mawingu, mulika tochi kutoka pembeni. Usisugue kwa brashi ya waya, usitie jiki, unga wala povu la kunyolea, na kuvu iliyoota usiikwangue, maana hung'oka na herufi. Piga picha pia mawe ya jirani, kwa kuwa wakwe huzikwa karibu.