Pweza wale wale, mipangilio miwili

SWALI: Assalaam alaykum mwalimu. Nina mifuatano 24 ya DNA ya pweza, jeni ya 16S, wengine wa Mkoani, wengine wa Wete. Nimeipanga, yaani nimeiweka mstari chini ya mstari ili herufi zinazolingana zikae safuwima moja, kwa programu ya MAFFT, kisha kwa ile ya MUSCLE, na majibu hayafanani kabisa. Nimeweka madirisha mawili nikalinganisha mpaka macho yakaniuma. Hakuna programu ya kunionyesha tofauti zilipo? (Mwanafunzi, Chake Chake)

JIBU: Waalaykumu ssalaam. Pole na macho. Kwanza tazama majina ya ubavuni. MAFFT usipoiambia vingine hufuata utaratibu uliouingizia wewe. MUSCLE huwakusanya wanaofanana. Kwa hiyo mstari wa tatu huku huenda si pweza wa mstari wa tatu kule! Fungua faili zote mbili kwenye Jalview, programu ya kutazama mipangilio, ni ya bure, upange mistari kwa majina. Tofauti nyingi zitakufa hapo hapo.

Zilizobaki usizisake kwa namba ya safuwima. Ni kama foleni ya boti pale Mkoani: mtu mmoja akijipenyeza mbele, namba za wote wa nyuma zinabadilika, lakini kila mtu bado yuko na jirani yake. Kistari kimoja, yaani alama ya herufi isiyokuwepo, kikiingia mwanzoni hufanya hivyo hivyo. La kuuliza ni hili: herufi hii ya pweza huyu imekabiliana na herufi ipi ya yule? Kazi hiyo programu ya SuiteMSA inaiweza. Ilitoka mwaka 2011, inataka Java; unaufanya mpangilio mmoja kigezo, nayo inakuonyesha mwingine umeachana nao wapi.

Sasa tazama hapa:

GTTAAC
GT-AAC

GTTAAC
G-TAAC

T ipi iliyopotea, ya kwanza au ya pili? Kwa alama ambazo programu huupa kila mpangilio, hii miwili ni sawa sawa. Programu imechagua tu. Tofauti za namna hii zisikunyime usingizi.

Zinazonitia shaka mimi ni zile zinazorundikana mahali pamoja. 16S haitengenezi protini, na kwenye vitanzi vya RNA yake, yaani sehemu zilizojikunja, herufi huongezeka na kupotea ovyo. Ingekuwa COI, jeni inayotengeneza protini, ningekwambia uitafsiri kuwa protini uone kama vistari vinakwenda kwa tatu tatu. Kwa 16S, chora mti wa ukoo mara mbili, pamoja na safuwima zenye tofauti hizo na bila yake. Matawi yakibaki vile vile, endelea na kazi yako. Yakihama, niletee faili zote mbili za FASTA, yaani za maandishi ya herufi zenyewe, si picha za skrini.